Injini ya 701 uani Kibokoni: shajara ya ukarabati

Kabla ya kufungua chochote

Mashine ni Yamaha WaveRunner ya zamani, ile pikipiki ya majini (jet ski), silinda mbili, cc 701, tustroki ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ni ya mjomba. Kaskazi bahari ikitulia huikodisha kwa wageni pale ufuo wa umma wa Bamburi, Mombasa. Kusi ikiingia huipandisha juu na kuifunika turubai. Msimu uliopita pistoni ya silinda ya nyuma ilikwama. Akaipeleka karakana moja, akawekewa pistoni na ringi mpya, akalipa pesa nzuri, akarudi baharini. Msimu huu haujaisha, na pistoni ya nyuma imekwama tena. Ya mbele haina neno.

Mjomba alikuwa tayari kununua pistoni ya tatu. Nilimwomba asubiri. Tazama: maji ya kupozea yakizibwa na mchanga, joto hupanda silinda zote mbili. Oili ikipungua kwenye petroli, zote mbili hunywa tangi moja (pampu ya oili iliondolewa zamani, anachanganya kwa mkono). Ikifa moja tu, tena ileile mara mbili, kuna jambo linaloihusu hiyo peke yake. Pistoni mpya ilikuwa panadol, ugonjwa ukaachwa ndani. Mimi sitaki kugusa sanduku la pistoni mpaka nijue iliyopita iliuawa na nini, na kazi hii yote nitaiandika hapa kwa mpango huo.

Tatizo la pili ni nafasi. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Uchochoro wa kuingilia hupitisha mkokoteni kwa kusuguana na kuta, na mlango wa ua una sentimita 80. Chombo kizima hakiingii hata kikiwekwa ubavu. Kwa hiyo bodi itabaki Tudor kwa mafundi wa mashua, na injini peke yake itakuja nyumbani.

Jumamosi: kuopoa

Tulisimamisha boriti tatu za mikoko juu ya chombo, tukazifunga kamba vichwani, tukaning'iniza kapi ya cheni. Waya wa betri wa hasi ulitoka kwanza. Kisha ikatoka chemba ya ekzosi, kwa sababu ni nzito na inaziba kila bolti unayotaka kufika, halafu kabureta mbili pamoja na mpira wake wa mafuta. Kila mdomo wa paipu niliuziba kitambaa, na kila plagi ya umeme nikaifunga utepe wa rangi, pea kwa pea.

Mtu yeyote anayeng'oa injini ya namna hii asimame kidogo kabla ya kuinyanyua. Chini ya miguu yake minne kuna vipande vyembamba vya bati, shimu, vinavyosawazisha injini na shafti ya pampu ya maji inayosukuma chombo. Kila kona ina idadi yake na unene wake. Nilivitoa kona baada ya kona, nikavifunga kwenye karatasi na kuandika: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Mpira wa mguu wa nyuma kushoto umepasuka nusu nzima. Na kwenye kapla, ule mpira wa kati unaopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye shafti umelika upande mmoja, na chini yake kuna unga mweusi. Nimeyaandika hayo mawili na kuyawekea mstari.

Petroli yote ilimwagwa kwenye dumu na kubaki Tudor. Injini ilikuja mjini kwa tuktuk, imefungwa gunia, nami nimeishikilia kila penye tuta.

Jumapili: kona

Sehemu niliyopewa ni kati ya ngazi na birika la maji: mita mbili kwa mita moja na nusu. Upande wa pili wa ua ndipo shangazi anapopikia, na juu ya kichwa changu kuna kamba za nguo. Shangazi alikuja, akaangalia lile gunia, akasema, "Mwanangu, mafuta yako na moto wangu havikai ua mmoja."

Ana haki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki ukaenda zake. Hutambaa sakafuni mpaka ukute kaa la moto. Tukakubaliana hivi: petroli haivuki kizingiti cha nyumba hii hata kidogo. Vyuma vitaoshwa kwa mafuta ya taa, tena asubuhi kabla jiko halijawashwa, na beseni litafunikwa na kutolewa nje likishatumika. Nguo zikiwa kambani sipigi msasa. Nami nilipata heshima yangu: meza yangu haiguswi, hata kama kuna sinia linatafutwa.

Meza ni ubao wa sentimita 120 kwa 60 juu ya kreti nne za soda. Juu ya ubao nimepigilia vipande viwili vya boriti vilivyoachana kidogo, ili injini ikigeuzwa chali ikae kwenye vile vipande na stadi za silinda (bolti ndefu zilizosimama) zining'inie katikati bila kugusa mbao. Hiyo ndiyo stendi, na ilitosha mpaka mwisho.

Mahali padogo panakulazimisha utaratibu ambao kwenye karakana kubwa ungeupuuza. Kanuni yangu ni kwamba sehemu moja tu huwa wazi kwa wakati mmoja. Kabureta zikiwa mezani, injini imefunikwa. Bolti haziingii kopo moja. Nimechora umbo la kila sehemu kwenye kadibodi, nikatoboa matundu, na kila bolti imechomekwa mahali pake ilipotoka. Ndefu na fupi hazichanganyiki, na kadibodi husimama wima ukutani, haili nafasi.

Jambo la mwisho kuhusu kona hii ni hewa. Tuko hatua chache kutoka baharini. Chuma kikavu kilichosafishwa vizuri ukikiacha wazi usiku, asubuhi unakipangusa kwa kidole na kidole kinatoka na rangi ya chungwa. Kila kilichooshwa hapa kinapakwa oili papo hapo na kufungwa mfuko wa plastiki kabla sijanawa mikono.

Jumatano: kipimo cha presha

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Injini ya tustroki hupumua kwa tumbo lake. Pistoni ikipanda, chini yake kwenye krankikesi (sanduku la chuma la chini ya silinda) panabaki utupu, na utupu huo ndio unaovuta hewa na petroli kupitia kabureta. Pistoni ikishuka, ule mchanganyiko unasukumwa kupitia milango ya pembeni mpaka juu kwenye moto. Oili ya kulainisha beringi na kuta za silinda imo ndani ya mchanganyiko huohuo. Sasa krankikesi ikiwa na tundu popote, utupu hauchagui. Unavuta hewa pale penye tundu, hewa isiyopita kwenye kabureta, isiyo na petroli wala oili. Hewa inazidi, mafuta yanapungua, moto unakuwa mkali, ulainishaji unapungua, na pistoni inatanuka mpaka inaishika silinda. Kwa macho huoni kitu. Injini hata huonekana kuwa na nguvu zaidi muda mfupi kabla haijafa.

Kwa hiyo injini inapimwa kwa hewa kabla ya kufunguliwa. Ukishaipasua umepoteza ushahidi.

Dada yangu ni muuguzi. Ana mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, ya kubana mpira kwa mkono, ambayo kitambaa cha mkononi kimechanika lakini saa yake ni nzima. Inafika milimita 300 za zebaki, ambayo ni chini kidogo ya psi 6. Ndicho kiasi hasa kinachotakiwa kwa krankikesi ya tustroki. Usitumie kompresa ya gereji, kwani presha kubwa inaweza kuzisukuma sili nzima (mipira inayoziba hewa penye shafti) nje ya mahali pake. Nilivunja kauri ya plagi kuukuu ya kuwashia moto, nikaingiza paipu ndogo ya shaba kwenye ganda lake na kuigandisha kwa epoksi. Hapo nikawa na mdomo unaofungika kwenye tundu la plagi. Mlango wa ekzosi na milango ya kabureta niliiziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na vibao vilivyokazwa kwa bolti zilezile.

Silinda unayoipima, pistoni yake iteremshwe mpaka chini kabisa. Hapo milango ya pembeni iko wazi, na hewa unayoingiza juu inashuka mpaka kwenye krankikesi. Injini nzima haitakiwi kupoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika, yaani kama milimita 50 kwenye saa ya dada.

Nilianza na ya mbele. Mshale ulishuka taratibu, ukapita kiwango, lakini taratibu. Vyumba viwili vya krankikesi havijatenganishwa kabisa, hewa hupenya kidogo katikati, kwa hiyo ubovu wa jirani huonekana huku kwa mbali. Nikahamia ya nyuma. Nilibana mpira na mshale haukufika hata 200. Kila nilichoingiza kilikuwa kinatoka.

Nikachukua brashi ya kunyolea na povu la sabuni. Gasketi ya kichwa, kimya. Gasketi ya chini ya silinda, kimya. Mshono wa krankikesi pande zote mbili, kimya. Nikafika nyuma penye kapla, nikapaka povu kuzunguka shafti, na pale likaanza kufura mapovu madogo madogo mfululizo, upande wa chini, kwa urefu kama wa kucha.

Sili ya nyuma ya krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Hiyo ndiyo iliyoua pistoni mbili. Aliyeweka ile pistoni ya pili angeliweza kuiona kwa povu la sabuni na nusu saa. Nilimpigia simu mjomba hapohapo, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi pesa zangu nilizitupa baharini." Nilimwambia safari hii hatutupi.

Kapla na flaiwili

Kapla imefungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye shafti, na injini imekuwa ikiikaza miaka yote inavyofanya kazi. Fundi wa kuchomelea wa mtaani alinitengenezea kifaa: ubapa wa chuma wenye meno mawili yanayoingia kwenye mabawa ya kapla, na mkono wa bomba la futi nne. Flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na krankishafti, ilishikwa kwa kipande kingine. Joto kidogo la tochi ya gesi (uchochoroni, si uani), kijana wa jirani akakalia injini, ikalia mara moja na kuachia.

Flaiwili ivutwe kwa pula yenye bolti zinazoingia kwenye matundu yake ya katikati. Pula ya kucha inayong'ang'ania ukingoni inaivunja.

Ijumaa asubuhi: ndani

Pistoni ya nyuma nimeiweka dirishani penye mwanga. Upande wa ekzosi umekwaruzika kuanzia juu mpaka chini ya ringi, alumini imeburutwa na kuipaka ringi ya juu mpaka haichezi kwenye mfereji wake. Upande wa kuingizia uko safi. Hilo nalo ni ushahidi: ingekwama kwa kubanwa, kwa silinda kuchongwa ndogo au kwa kuikimbiza injini ikiwa baridi, alama zingekuwa pembe nne za pistoni. Upande wa ekzosi peke yake maana yake ni moto uliozidi. Kichwa cha pistoni ni cheupe kama jivu, wakati cha mbele kina kahawia ya kawaida ya oili iliyoungua.

Krankikesi ya injini hii inagawanyika juu na chini. Niliigeuza chali kwenye boriti zake, nikatoa bolti, nikaigonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye mshono. Uso ule hauna gasketi, ni chuma kwa chuma na gundi nyembamba, na mkwaruzo mmoja ni njia ya hewa.

Sili yenyewe ilipotoka niliiminya kwa vidole. Mpira wa sili unatakiwa kuwa laini, mdomo wake ushike shafti kwa chemchemi ndogo iliyofungwa nyuma yake. Huu ulikuwa mgumu kama ukucha, na ile chemchemi imekatika kwa kutu, vipande viwili. Nje yake kulikuwa na mstari wa chumvi mweupe. Maji yanayoingia ndani ya bodi hukusanyika nyuma, chini ya kapla, na kapla ikizunguka huyarusha kwenye sili. Ongeza ule mguu uliopasuka: injini imekuwa ikiinama upande mmoja na shafti ikiyumba ndani ya sili kila mzunguko. Ule unga mweusi wa Jumamosi sasa una maana.

Beringi niliziosha na kuzizungusha sikioni moja moja. Hakuna mchanga wala kokoto ndani. Krankishafti ikatiwa oili na kufungwa.

Asidi na ribo

Silinda za injini hii zina koti la chuma, kwa hiyo alumini iliyoganda ukutani inaweza kuondolewa kwa asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa ya kusafishia sakafu. Asidi hula alumini na kuacha chuma. Nilifanya juu ya paa, upepo ukinipiga mgongoni, glavu na miwani, kwa kijiti chenye pamba, nikipaka pale penye alama tu, maana mwili wa silinda wenyewe ni alumini na tone likitoka nje ya koti litaula. Povu likikoma, alumini imeisha. Maji mengi, sabuni, maji tena, oili.

Chini ya alumini kulikuwa na mikwaruzo inayoshika kucha. Kwa hiyo ribo, yaani kuchonga silinda upya iwe pana kidogo, haikwepeki. Kuna pistoni za kuzidi milimita 0.25 na 0.50 juu ya kipimo cha asili cha 81, na mzee anayekereza vyuma kule Changamwe alipopima akasema robo haitafuta mikwaruzo yote, twende nusu. Zote mbili zitachongwa, mbele na nyuma, ili injini ibaki na uzito sawa. Akanipa sharti ambalo nililipenda: hachongi mpaka pistoni zenyewe ziwe mkononi mwake, kwa sababu silinda inachongwa kuifuata pistoni iliyopo, siyo namba iliyoandikwa kwenye sanduku.

Krankishafti nayo aliilaza kwenye vishikio vyake na kuiwekea geji ya saa. Sindano ilicheza chini ya milimita 0.05. Imenyooka.

Kungoja

Pistoni, sili zote za mbele na nyuma, gasketi na mpira wa kapla vinakuja na jamaa anayerudi kutoka Dubai. Mguu wa injini nimeupata hapa mjini.

Siku za kungoja nimezipa kabureta. Ndani ya kila moja kuna kichujio kidogo cha wavu penye kiingilio cha petroli, na vyote viwili vilikuwa na utando wa kijani. Huo peke yake haukuiua pistoni, maana zote mbili zimechafuka sawa, lakini usingechukua muda kuiua nyingine. Mipira ya petroli yote ya zamani imetupwa. Ukiikunja inaonyesha nyufa, na ufa wa mpira wa petroli huvuta hewa bila kudondosha tone. Ile swichi ya kuchagua petroli ya akiba nayo imepewa o-ringi mpya kwa sababu hiyohiyo.

Kufunga

Silinda zilirudi kutoka Changamwe zikiwa na mistari ya msalaba inayong'aa. Kabla ya chochote nilipitisha kidole kwenye ukingo wa kila mlango. Ribo huacha makali, na ringi ikipita hapo kwa kasi hukwama na kukatika. Mzee alikuwa ameyavunja makali yote. Kidole kilipita bila kukwaruzwa. Niliziosha kwa maji moto na sabuni ya kufulia mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Mafuta ya taa peke yake hayatoi unga wa jiwe la kuchongea, huuficha tu.

Kila ringi niliiingiza peke yake kwenye silinda yake, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, nikapima mwanya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Zote ziko kwenye milimita 0.3 hivi, zinafaa.

Krankishafti ilirudi kwanza. Kila beringi ina pini inayotakiwa kuangukia tundu lake, na kila sili ina ukingo unaoingia kwenye mfereji. Usipolisikia lile "tak" dogo, usifunike. Midomo ya sili nimeipaka grisi ya baharini. Gundi ya krankikesi ni ile maalumu ya kustahimili petroli, utando mwembamba wa kuonekana chuma chini yake. Silikoni ya kawaida hufura na kubanduka kwa petroli, na ikizidi hujikunja ndani na kuziba njia za oili za beringi.

Mshale wa pistoni huelekea ekzosi. Klipu za pini ni mpya, na mdomo wa krankikesi ulijazwa kitambaa safi wakati wa kuzitia, kwa sababu klipu ikidondoka humo ndani kazi yote inaanza upya. Nati za kichwa zilikazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu.

Shangazi alishika tochi wakati natia klipu ya mwisho. Mkono wake hautetemeki.

Kipimo cha pili

Mashine ya dada tena, plagi ileile ya epoksi, vibao vilevile. Silinda ya nyuma: 300. Dakika ikapita, 290. Nikapaka povu pale kwenye kapla na kulitazama mpaka likakauka lenyewe. Mbele vilevile. Hapo ndipo nilipomruhusu mjomba aite tuktuk.

Tudor: kuirudisha

Shimu zilirudi kona kwa kona, lakini mguu mpya una urefu kamili na ule wa kale ulikuwa umelala, kwa hiyo hesabu ya zamani haitoshi. Unaweka rula iliyonyooka juu ya kapla mbili, ya injini na ya shafti ya pampu, kisha ubavuni kulia, kisha kushoto. Rula isiyumbe wala isionyeshe mwanga chini yake. Kona ya nyuma kushoto ilitoka shimu moja nyembamba. Mwanya kati ya kapla mbili ni milimita mbili hadi nne, na umekaa katikati. Hii kazi ilikula mchana mzima, na ndiyo itakayoilinda ile sili.

Tangi la kwanza limechanganywa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, ili ringi zijikalie. Baada ya hapo 50 kwa 1, mililita 20. Oili ni ya TC-W3, ya injini zinazopozwa kwa maji; wavuvi wenye mashine za boti wanaijua na hupatikana penye spea za boti. Ya pikipiki isitiwe humu.

Kiti kilikaa wazi muda mrefu kabla ya kuwasha ili mvuke wowote utoke. Mpira wa maji ukaungwa. Utaratibu nimeuandika kwa kalamu nene ndani ya kifuniko, mjomba na vijana wake wausome kila mara: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji, ukimaliza funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, nayo hurudi kupitia ekzosi mpaka ndani ya silinda.

Iliwaka. Moshi mwingi wa ile oili ya ziada, kisha sauti ikatulia, zote mbili zinapiga sawa. Maji yakatoka kwenye tundu la kuonyeshea kwa mkondo mwembamba usiokatika.

Majini

Maji yalikuwa yamejaa, ndiyo saa inayofaa: chini ya kina cha sentimita 60 pampu hunyonya mchanga. Niliendesha mimi. Nusu ya kasi, napandisha, nashusha, sikai kwenye mwendo mmoja wala sifungui yote. Nikazima katikati ya maji nikiwa kwenye mwendo, nikavutwa mpaka ufuoni na mashua ya jamaa, nikatoa plagi nione rangi iliyoachwa na moto. Ya mbele kahawia. Ya nyuma kahawia. Nimeziweka pamoja kwenye kiganja na mjomba hakuweza kuniambia ipi ni ipi.

Anataka kuipeleka Bamburi wikendi. Nimemwambia bado. Tangi la 25 kwa 1 liishe kwanza hapahapa Tudor, nati za kichwa zikazwe tena injini ikiwa baridi, na pampu ya kutolea maji ya ndani ifungwe mpya, maana iliyopo haifanyi kazi na yale maji ya nyuma yatarudi chini ya kapla. Pampu nimeshaiona dukani. Jumatatu naenda kuichukua.